Madoa Saba Kwenye Mkate

Hivi, wewe umewahi kuosha kitu usichokiona? Si doa la mchuzi wala tope la kiatu. Nasema kitu ambacho hata ukitumbua macho mpaka yatoe machozi hukioni, na bado mshahara wako unategemea kiwe kimetoka. Kazi hiyo Bibi aliifanya miaka thelathini na moja. Alikuwa mwosha vyombo wa maabara ya hospitali. Alikuwa akiosha chupa, mirija, na vile visahani vya kioo vyenye vifuniko, ambavyo wataalamu huvimiminia rojo, likiganda wakapanda humo wadudu wa magonjwa kama mtu anavyopanda mchicha. Wakishawasoma wadudu wao, visahani vinakwenda kwake. Kwanza vinaingia kwenye pipa la mvuke lenye mfuniko wa kukazwa kwa skrubu sita, dakika thelathini, na humo hatoki mdudu hata awe na roho ya paka. Kisha sabuni, brashi, maji mara tatu, na ya mwisho yawe yale ya dumu jeupe ambayo hayakuruhusiwa kuguswa hata na kikombe cha chai.

Shule yake iliishia darasa la saba. Lakini mtu akikaa ukingoni mwa mto miaka thelathini, hata kama hajui kuogelea, samaki atawajua. Mkuu wa maabara, mzee mwembamba aliyekuwa akimung'unya peremende kutwa nzima, alizoea kumwita: "Njoo, mama, uwaone hawa uliowachemsha jana." Anainama kwenye hadubini, anafumba jicho moja, na kule chini anaona nukta za zambarau zimeshikamana vishada vishada kama zabibu. Walikuwa wazuri. Hilo ndilo lililomshangaza siku ya kwanza, na halikuacha kumshangaza mpaka anastaafu.

Alipostaafu alihamia kwa binti yake, fundi cherehani, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo cherehani yake ilikaa dirishani sebuleni ili ipate mwanga. Walikuwapo wajukuu wawili wa kike. Mkubwa, mwenye miaka tisa, walimwita Mkaguzi, kwa sababu hakubali neno lolote kabla hajaligeuza na kuangalia chini yake kuna nini. Mdogo, mwenye miaka mitano, walimwita Kiroboto, na ukimwambia akae utajua ni kwa nini. Halafu, kwa siku kumi na tisa, alikuwapo wa tatu, wa kiume, ambaye hata jina la utani hakuwahi kulipata. Walikuwa wakimwita Mtoto, basi.

Homa ilimshika siku ya kumi na nne. Hospitali walisema wadudu wameingia kwenye damu. Dawa zikapitia mshipa wa kichwani, maana wa mkononi ulikuwa mwembamba kama uzi namba sitini, na siku ya kumi na tisa wakarudi nyumbani na shuka lililokunjwa.

Baba wa watoto, dereva wa lori, alikuja akazika, akakaa siku nne, akarudi barabarani. Barabarani, alisema, mtu analia bila kuangaliwa. Mama aliifunika cherehani kwa kitambaa cheupe, akaingia chumbani, akafunga mlango. Anatoka kuoga. Anakula ukimshika mkono.

Na Mkaguzi? Mkaguzi tangu siku ya kuzika hakulitaja neno Mtoto. Alinawa mikono. Alinawa kabla ya kula na baada ya kula, akitoka chooni na akiingia, akifunga kitabu, akimgusa paka, akimaliza kunawa. Mwanzoni Bibi alimsifu, "Angalia mjukuu wangu, huyu angefaa maabara!" Baadaye akaona ngozi katikati ya vidole imepasuka, mistari myekundu myembamba, akajuta sifa zake zote. Alimpaka mafuta. Mkaguzi akasubiri mafuta yakolee, akaenda kunawa.

Bibi alitaka jambo moja tu katika dunia hii: Mkaguzi aseme. Aseme lolote, hata matusi. Kwa hiyo shule zilipofungwa akaanzisha darasa lake mwenyewe kwenye meza ya jikoni.

Somo la kwanza lilikuwa la hamira. Alitia vijiko viwili kwenye chupa, sukari, maji ya uvuguvugu, akavika puto jekundu mdomoni.

"Hamira ni viumbe hai," akasema. "Wamelala. Tumewapa maji na sukari, wameamka."

Kiroboto alisogeza pua mpaka ikagusa chupa. "Mbona siwaoni wakiamka?"

"Wadogo mno. Subiri."

Wakasubiri. Puto lililokuwa limelala ubavu kama sikio la mbuzi likajitikisa, likainuka, likasimama wima.

"Wanapumua!" akasema Mkaguzi, na kwa mara ya kwanza kwa wiki tano sauti yake ilipanda.

"Wanajamba," akasahihisha Kiroboto.

Bibi alicheka mpaka akashika meza. "Si uongo sana, wewe. Wanakula sukari, wanatoa hewa. Ukitaka kuiita hivyo, ita."

"Kwa hiyo mkate umejaa mashuzi ya hamira?"

"Umejaa."

"Mimi sili tena mkate."

"Jana ulikula slesi nne," Mkaguzi akamwambia. Kisha akageuza uso kwa Bibi, na ile sauti iliyopanda ikawa imeshashuka. "Na hawa wanaua?"

"Hawa? Hata sisimizi hawamuui."

"Wanaoua wako wapi?"

Bibi alijua pale kwamba mlango umefunguka ufa, akaogopa kuusukuma. Akajibu kama alivyofundishwa na mzee wa peremende: wako kila mahali, mezani, puani, kwenye ngozi, na wengi wao hawana neno na mtu, ni wachache, tena mara chache, wakiingia mahali si pao.

"Mkononi?"

"Na mkononi."

"Tupime mikono," akasema Mkaguzi.

Bibi alifurahi, masikini. Alidhani ni udadisi. Kesho yake wakanunua mkate mchanga wa kwenye tanuri la mtaani, si ule wa karatasi unaokaa wiki mbili kama tofali, wakachukua mifuko mitano ya plastiki inayoonyesha ndani. Bibi akawaambia kanuni ya maabara, kwamba unaandika kwanza, unagusa baadaye, maana kisahani kisicho na jina ni uchafu tu. Mkaguzi akaandika kwa kalamu ya wino mzito: HAKUNA MKONO. BIBI AMENAWA SABUNI. BIBI MAJI TU. KIROBOTO. Wa tano akaandika: MIMI.

"Ngoja kwanza, Bibi," akasema, akatoka nje.

Bibi alimwona kupitia dirisha. Alichukua kamba ya kuruka iliyotelekezwa kibarazani, akaiburuza vumbini, akairuka. Hakuruka kama mtoto anayecheza. Aliruka akihesabu, uso mkavu, mpaka mia moja, akishika kamba chafu kwa viganja viwili. Akarudi na mikono ya kijivu. Yule ambaye alikuwa ananawa akimaliza kunawa alinyoosha kidole kimoja, cha shahada, akakilaza juu ya slesi na kukiacha pale. Akakiacha muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu tena.

"Inatosha, mama," Bibi akamwambia. "Mdudu hahitaji kubembelezwa."

"Bado kidogo," akasema Mkaguzi.

Wakanyunyiza matone ya maji, wakafunga mifuko, wakaipanga kabatini juu ya jiko penye joto. Mkaguzi akaenda bombani. Kiroboto alibaki, amening'inia kwenye mkono wa kiti kama kawaida yake, akamega kona ya mkate uliobaki, akasema huku akitafuna:

"Bibi, unajua? Yeye ndiye aliyempa Mtoto wadudu."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Alimshika na mikono ya kamba. Alisema nikisema atanikata nywele." Akajishika kichwa. "Nimesema?"

Bibi alikaa. Maji ya bomba yalisikika yakimwagika huko nyuma, yanakatika, yanamwagika tena. Siku ikamrudia yote, kama kitambaa kilichovutwa kutoka chini ya rundo. Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili. Mkaguzi alitoka kucheza kamba, akaingia moja kwa moja kitandani kwa mdogo wake, na yeye, Bibi, akitokea na beseni la nepi, akapaza sauti: "We! Na mikono hiyo? Unataka kumuua mtoto wa watu?" Alisema kama wanavyosema watu wote. Utaniua kwa kucheka. Utaniua kwa njaa. Umeniua na hii habari. Aliisema, akaanika nepi, akasahau. Ulimi hauna mfupa. Siku mbili baadaye homa ikaingia.

Jioni ile alimkalisha Mkaguzi, akazunguka, akazunguka, mwishowe akasema, "Mjukuu wangu, kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse mtu."

Mkaguzi alimtazama kwa upole, kama mkubwa anavyomtazama mdogo. "Chawa ni mkubwa, Bibi. Wadudu ni wadogo. Si ulisema mwenyewe hawaonekani?"

Kisha akasema wangoje mkate.

Basi wakaungoja mkate. Sikilizeni, Bibi huyu alijua vizuri kwamba mkate hauwezi kujibu swali lile. Ukungu wa mkate ni ukoo mwingine kabisa, hauna undugu na wale wa damuni. Alijua, na angeweza kumweleza mtoto, na alimweleza, mara mbili. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuukabidhi mkate kesi yake, na mkate ndio utakaohukumu. Kila asubuhi anafungua kabati, anatazama mifuko, anachora kwenye daftari, anafunga. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Bibi alianza kumwomba Mungu kwa ajili ya slesi ya mkate, na akaona haya kuomba hivyo, na akaendelea kuomba.

Asubuhi ya nne aliwatuma watoto kununua chumvi. Akafungua kabati. HAKUNA MKONO ilikuwa na doa moja dogo jeupe, kama pamba. Ile ya sabuni, safi. Ya maji, doa moja. Ya Kiroboto, mawili. Na ya MIMI ilikuwa na madoa saba, ya kijani yenye kingo nyeupe, na kubwa kuliko yote lilikuwa pale pale kidole kilipolala.

Miaka thelathini na moja hakuwahi kubadilisha chombo cha mtu. Mzee wa peremende alikuwa akisema, usimtie mdudu maneno mdomoni. Uliyoyaona ndiyo uliyoyaona. Siku moja mtaalamu kijana alimwomba atupe kisahani kilichoharibika kabla mkuu hajakiona, naye akakataa, akanuniwa mwezi mzima. Sasa alisimama jikoni kwa binti yake, akaufungua mfuko wa MIMI, akaitoa ile slesi, akaifunga kwenye gazeti na kuisukuma chini kabisa ya ndoo ya taka, akatia slesi nyingine iliyokuwa imebaki, kavu kidogo, safi. Akanyunyiza matone. Akafunga. Akanawa mikono, kwa sabuni, mpaka viwikoni.

Watoto wakarudi. "Haya, Mkaguzi," akasema, na alijisikia akisema kwa furaha iliyozidi, kama mchuuzi. "Njoo ukague. Leo siku ya nne."

Mkaguzi alitoa mifuko mmoja mmoja. Alipofika wa mwisho akaushika kwa mikono miwili, akautazama mbele, akaugeuza, akautazama nyuma.

"Safi," akasema Bibi. "Umeona? Safi kuliko hata ule wa hakuna mkono!"

Mkaguzi aliurudisha mfuko mezani. Alienda chumbani, akarudi na daftari, akalifungua mezani. Ukurasa ulikuwa na tarehe ya siku ile, na saa: kumi na mbili na robo. Slesi tano zimechorwa kwa penseli, na kwenye ya tano madoa saba yametiwa rangi ya kijani, moja kubwa.

"Niliamka mapema," akasema. "Niliyaona kabla yako."

Hata Kiroboto alikaa.

"Umebadilisha, Bibi."

"Mjukuu wangu..."

"Hukubadilisha wa Kiroboto. Hukubadilisha wako. Umebadilisha wangu." Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia. "Ingekuwa si kweli usingeficha. Kwa hiyo ni kweli. Nilimuua mimi, na wewe unajua."

Wewe unadhani kuna fimbo inayochapa kuliko hiyo? Bibi alikuwa amekwenda kuzima moto kwa kikombe, kumbe kikombe kina mafuta ya taa. Alipiga magoti chini, magoti yakalia, akaiinamisha ndoo ya taka sakafuni, akafukua maganda na majani ya chai mpaka akalipata gazeti. Akaiweka ile slesi mezani, imechafuka, madoa yake saba.

"Nimesema uongo," akasema. "Huu hapa. Nimeuficha kwa sababu niliogopa, na niliogopa kwa sababu yale maneno ni ya kwangu. Mimi ndiye niliyekwambia unataka kumuua mtoto. Nilisema nikiwa na beseni mkononi, nikapita. Wewe umekaa nayo wiki zote hizi."

"Kwani si kweli?"

Hapo Bibi alitamani kusema si kweli, ayakate maneno kama anavyokata kucha, yaishe. Angeweza. Lakini alikwisha kumdanganya mara moja asubuhi ile, na Mkaguzi angeligeuza neno lake na kuangalia chini.

"Sijui," akasema. "Hilo ndilo jibu la maabara. Sijui, na hakuna anayejua. Karatasi ya hospitali niliisoma. Mdudu yule namjua, nimemchemsha miaka yangu yote. Anakaa kwenye ngozi ya kila mtu. Mimi nilimwogesha Mtoto kila siku, asubuhi na jioni. Mama yako alimnyonyesha. Baba yako alimbusu. Nesi alimkata kitovu. Jirani alimbeba. Huenda ni mkono wangu. Huenda si mkono wa mtu yeyote, alizaliwa naye. Tungepanga mifuko ya watu wote pale kabatini, mdudu asingetuambia."

"Lakini wangu ni saba."

"Wako ni saba," Bibi akakubali. "Ni vumbi la kamba. Ungeshika mlango ungepata nane."

"Bibi, hata ukisema hivyo..."

"Najua, mama. Hata nikisema hivyo."

Ndipo wakasikia mlango wa chumbani. Mama alikuwa amesimama kwenye korido, kanga imefungwa kifuani, nywele hazijachanwa, na haikujulikana amesimama hapo tangu neno gani. Alitazama takataka zilizotapakaa sakafuni, akatazama daftari. Bibi alifungua mdomo aombe radhi, ya ndoo au ya yote, hata yeye hakujua. Mama akampita.

Akachuchumaa mbele ya Mkaguzi.

"Ulimshika?" akauliza. Sauti yake ilikuwa na kutu ya siku nyingi.

Mkaguzi alificha mikono nyuma. "Ndiyo, Mama."

"Ulimshika wapi?"

"Kiganjani. Nilimpa kidole. Yeye ndiye akashika."

"Alikishika?"

"Ndiyo."

Mama alifumba macho, akafumbua. "Mimi hakunishika. Kila nikimpa kidole amelala, au ananyonya, au analia. Siku zote kumi na tisa nilikuwa nasema kesho. Kidole gani?"

Mkaguzi alitoa mkono polepole. Mama akakitazama kidole kile chenye ngozi iliyopasuka pasuka, akakifumbata kwa mkono wake mzima.

"Alishika hivi?"

"Zaidi."

"Hivi?"

"Zaidi, Mama. Alikuwa na nguvu."

Mama akakaza. "Hivi?"

"Hivyo."

Mama aliangua kilio, kile kilio cha kuzikia ambacho siku ya kuzika hakikutoka, na hakukiachia kidole. Kiroboto akaanza kulia kwa sababu wengine wanalia. Bibi alikaa sakafuni katikati ya maganda ya viazi, na hakuwa na la kufundisha.

Ilipita robo saa, labda zaidi. Kisha Mama akajifuta pua kwa ncha ya kanga, akauliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Ulikuwa unataka nini, mama? Siku ile, ulipotoka kwenye kamba ukakimbilia kwake. Ulitaka nini?"

Mkaguzi alitazama mlango, bomba, mifuko mitano. Kidevu chake kilianza kucheza.

"Wote mlikuwa mmeshamshika," akasema. "Wewe, na Baba, na Bibi, mpaka jirani. Mimi mlikuwa mnaniambia kanawe kwanza, nikinawa mnasema amelala. Siku ile nilimsikia ameamka." Akavuta pumzi, ikakatika katikati, akaivuta tena. "Nilitaka na mimi anijue."